Alama Hamsini na Moja

Mtafiti alikuja kutoka Unguja na boksi la fomu, akaniuliza kama nina wagonjwa wagumu. Nikamwambia nina wagonjwa. Akacheka, akaandika kitu kwenye kijitabu chake.

Mimi ni tabibu. Sikusomea udaktari wa miaka mingi. Nina stashahada, koti jeupe moja na nusu, na chumba chenye dirisha linalotazama barazani. Koti la nusu ni lile lililoungua pasi mkononi, ambalo hulivaa siku jengine likiwa kambani. Kituo chetu cha afya kipo mashamba, upande wa Ole, baina ya mihogo na mikarafuu. Tuko watu watatu: nesi, mgawa dawa na mimi. Watu huniita daktari kwa sababu hawana mwengine wa kumwita hivyo, na mimi niliacha kuwasahihisha mwaka wa kwanza.

Mtafiti alikuwa mstaarabu, ila viatu vyake havikufaa kwa udongo wetu. Alinieleza kwamba wakubwa wanataka kujua ni kwa kiasi gani madaktari wanaona shida kukabiliana na wagonjwa wao. Daktari anayeelemewa huchoka, alisema, na aliyechoka hukosea. Si kwa ajili ya kumlaumu mgonjwa. Nilimpenda hapo hapo. Nilikuwa nimefanya kazi miaka tisa na hakuna mtu aliyewahi kuniuliza kama wagonjwa wananichosha. Walioniuliza walikuwa wakitaka kujua kwa nini mimi nawachosha wao.

Fomu yenyewe ilikuwa ukurasa mmoja wenye maswali kumi. Kila swali unalijibu kwa namba, kuanzia moja, yaani hata kidogo, mpaka sita, yaani kupita kiasi. Mwisho unajumlisha na kuandika jumla kwenye kisanduku cha chini. Swali la kwanza liliuliza: mgonjwa huyu alipofungua mlango, moyo wako ulishuka kiasi gani? Jengine liliuliza kama nilitamani angekwenda kwa daktari mwengine. Hilo nililijibu kwa shida, maana daktari mwengine yuko mwendo wa saa moja na nusu kwa miguu. Nilitakiwa nijaze kila mgonjwa akishatoka na kabla ya anayefuata hajaingia, kwa miezi miwili, bila ya jina la mtu. Na nisimwoneshe mtu yeyote.

Vituo vitatu vilichaguliwa. Mwenzangu wa upande wa Wete aliwapa wagonjwa wake wote alama kumi, jumla ya chini kabisa, tangu siku ya mwanzo mpaka ya mwisho. Nilipompigia simu kumuuliza alinambia kwamba miongoni mwa wagonjwa wake wamo baba mkwe wake, imamu wake na fundi aliyemwachia paa la nyumba nusu, na yeye hayuko tayari kuweka maandishi. Mimi niliamua kusema kweli. Nilikuwa na hamu ya kusema kweli kwa mtu kwa muda mrefu, na hapa kaja mtu na boksi.

Sasa nimseme Bi Mkubwa. Ndivyo tulivyokuwa tukimwita kituoni. Alikuwa mjane wa miaka sabini na kidogo, anakaa peke yake bondeni, na kila Jumatatu kwa miaka sita alikuwa wa kwanza barazani. Akiingia chumbani hakai mpaka amalize kusalimu. Huniuliza hali yangu, ya mume wangu, ya mwanangu, ya mama mkwe wangu ambaye hajapata kumwona, na ya goti la mama mkwe wangu ambalo nilifanya kosa kulitaja mara moja. Nikimuuliza yeye hali yake hunijibu, "Sijambo, mwanangu, alhamdulillahi." Hapo tena ndipo maradhi huanza.

Maradhi yalikuwa yakianzia kisigino cha kushoto. Hupanda. Yakifika gotini hutulia kidogo, na katika kutulia huko yeye hunieleza habari za jirani mwenye mbuzi asiyefungwa. Kisha huendelea mpaka begani, huvuka kwa nyuma ya shingo, na siku za mvua huingia sikioni. Nikitaka kumkatiza hunyanyua kiganja na kusema, "Ngoja, sijafika." Mwisho hufungua pembe ya kanga na kunimwagia mezani vidonge vya presha ambavyo hakuvila wiki ile, na hunieleza kidonge kimoja kimoja kwa nini hakukila. Hiki alikuwa amefunga sunna. Hiki aliona kimekaa upande. Hiki aliota ndoto. Saa yangu ya ukutani inatazamana na kiti cha mgonjwa, nayo ilisoma dakika ishirini na nane. Presha yake ilikuwa ya kweli na ilikuwa juu. Hilo ndilo lililonizuia nisimfukuze.

Jumatatu ya mwanzo ya utafiti nilimjazia fomu yake kwa mkono wa haraka. Sita, sita, sita. Swali la kama mgonjwa alinitolea maneno mabaya nilimtilia moja, kwa kuwa hajapata kunitukana. La kama nilimwogopa nilimtilia mbili, kwa kuwa kidogo namwogopa. Yaliyobaki yote sita. Nikajumlisha: hamsini na moja. Niliiona raha ya namba ile mpaka tumboni, nakiri. Nilimwita anayefuata kwa sauti nzuri.

Nililolisahau ni dirisha. Kwetu mgonjwa akiagwa haondoki. Hutoka, hukaa barazani kungoja dawa, kungoja mwenziwe, au kungoja tu, na dirisha langu halina pazia tangu pazia lilipochukuliwa kufunikia friji ya chanjo. Wote walikuwa wakiniona: mtu akitoka, mimi nainama, naandika, nahesabu kwa vidole, nachora namba kwenye kisanduku. Wakamuuliza nesi. Nesi wetu hana tabia ya kusema sijui. Akawaambia, "Daktari anatia alama."

Hiyo ilitosha. Watu wetu wamesoma chuo cha Kurani na skuli, wanajua alama ni nini. Alama hutiwa mtu aliyejibu, na nyingi ni bora kuliko chache. Wiki ya pili mzee mmoja alisita mlangoni kutoka, akaniuliza kama kakosea popote. Nikamwambia hakukosea. Akaniuliza, basi kwa nini nimeandika upesi vile.

Wiki ya tatu Bi Mkubwa alifunga pembe ya kanga yake iliyokwisha kuwa tupu, akasimama, akakaa tena.

"Mie nimetiwa ngapi?"

Nilimwambia hayo ni mambo ya ofisi.

"Si yangu?"

"Yako, Bi Mkubwa."

"Basi nambie."

Ilikuwa karibu na adhuhuri. Nje walikuwapo watu kumi na tisa, na mmoja wao alikuwa na mtoto anayelia. Ningeweza kumweleza namba zinakwendaje. Ingechukua muda, na yeye angeuliza, na mimi ningejibu, na uso wake ungebadilika mbele yangu. Nilichagua njia fupi.

"Hamsini na moja," nikasema.

"Kwa ngapi?"

"Kwa sitini."

Alihesabu kitu kwa vidole. Kisha akasema, "Alhamdulillahi. Na jicho hili lisivyoona," akatoka akiwa amenyooka kuliko alivyoingia.

Kabla ya sala kwisha kitongoji kizima kilijua. Baada ya hapo sikuweza kumnyima mtu alama zake. Nikimnyima mmoja huonekana nimeficha kufeli. Sheha, kiongozi wa shehia yetu, ambaye huja kupima presha kila baada ya wiki mbili, hujibu ndiyo au hapana na huondoka bila ya kuaga, alipata kumi na moja. Alizipokea, akaondoka. Siku ya pili yake alimtuma mtu kuuliza kama kuna uwezekano wa kurudia.

Bi Mkubwa akawa mwalimu. Sikumtuma mtu, alijitolea. Akimaliza kwangu alikuwa akibaki barazani mpaka saa sita akiwafundisha wenziwe, na mimi nilikuwa nikimsikia kupitia dirisha lile lile. "Msikate maneno," alikuwa akisema. "Mtu anamwambia daktari, tumbo. Tumbo nini? Mueleze lilivoanza. Mueleze ulikuwa wapi. Yule ni mwana wa watu, hawezi kujua kama humwambii. Na dawa usizokula zirudishe, usizitupe, ataka kuziona." Kuna aliyemuuliza kama ni lazima kumuulizia goti la mama mkwe. Akamwambia si lazima, lakini husaidia.

Wakafuata. Wagonjwa waliokuwa wakinimalizia dakika tano wakanimalizia ishirini. Mtu wa kikohozi alianza na safari ya Wesha ya mwaka juzi, alipokwenda kupokea mzigo wa saruji akanyeshewa. Mama mmoja aliniletea vidonge vilivyobaki vya marehemu mumewe, kwa kuwa vyake alikuwa amevila vyote na hakutaka kuja mkono mtupu. Nilifunga kazi saa kumi, kisha saa kumi na nusu. Na kwa kuwa nilikuwa nimeahidi kusema kweli, alama zao zilipanda. Nilikuwa nikiwatilia thelathini na nane, arobaini na mbili, nao wakitoka wakipeana mikono.

Katika hao alikuwapo mchumaji karafuu mmoja, mtu wa maneno mawili, ambaye siku zote huja kwa mafua na huondoka na panadoli. Safari hii alikaa, akashusha pumzi, akanieleza mguu wake tangu alipoanguka mkarafuuni akiwa kijana. Nilimsikiliza jicho liko kwenye saa. Dakika ya kumi na nane akasema, kama mtu anayejazia, kwamba siku hizi akikanyaga mwiba hausikii. Nikasimama, nikamtoboa kidole, nikampima sukari, nayo ilikuwa juu. Sitaki kusema zaidi ya hapo, kwa sababu iliniudhi. Alipata thelathini na tisa, akaniomba nimwongeze moja.

Mtafiti alinipigia simu kutoka Unguja akiwa na furaha. Alisema kituo changu kinaonesha mwelekeo wa aina yake, ugumu unapanda wiki hadi wiki, na kwamba katika vituo vyote mimi ndiye peke yangu ninayeonekana kuwa na wagonjwa. Aliniuliza kama kuna kilichotokea katika jamii. Nikamwambia mvua zimeanza.

Miezi miwili ikaisha, akachukua boksi lake. Nilifikiri ndiyo basi. Lakini baada ya muda alileta taarifa kwamba atakuja kurudisha matokeo kwa wananchi, kwa kuwa utafiti bora ni ule unaorudi kwa wenyewe. Mkutano utafanyika kituoni, sheha ataufungua, na mmoja katika wagonjwa atatoa shukurani. Kamati ya afya haikukaa hata dakika mbili kumchagua huyo mmoja. Nani mwengine, kama si aliyepasi kupita wote?

Hapo nilianza kukosa usingizi wa mchana, ambao ndio pekee ninaoupenda. Nilijua litakalosemwa. Atasimama mtu mbele ya watu na kueleza kwamba alama nyingi ni mzigo, na mwanamke aliyetembea miezi na hamsini na moja yake atakuwa amekaa kiti cha mbele. Bi Mkubwa hana mali wala watoto wa karibu. Alichonacho ni kwamba akipita njiani watu humwamkia, na mimi nilikuwa nimekiweka rehani hicho kwa ajili ya kuwahi sala ambayo, kusema kweli, sikuiwahi.

Asubuhi ya mkutano nilimkamata mtafiti chini ya mwembe wa uani akisafisha viatu. Nikamwomba asieleze namba zinakwendaje. Aseme tu wagonjwa wamepimwa na wote wako vizuri.

"Hiyo si kweli," akasema.

"Najua."

"Na hatutaji majina. Tunasema mgonjwa namba fulani."

Nikamwambia kwetu hakuna haja ya kutaja majina. Akanipiga bega kwa upole, akasema ananielewa, na kwamba wasiwasi wangu ataunukuu katika ripoti.

Watu walikuja kama arobaini. Walijaa chumba cha chanjo, waliobaki wakasimama madirishani. Bi Mkubwa alikuja na kanga mpya na harufu ya udi iliyoingia kabla yake. Alinivuta mkono mlangoni.

"Nseme nini, mwanangu? Nimepanga, lakini ni refu."

"Sema unashukuru, Bi Mkubwa. Yatosha."

"Kushukuru ndo mwanzo," akasema, akenda kukaa mbele, karibu na sheha.

Umeme ulikuwa umekatika, kwa hiyo mtafiti alibandika manila ukutani na kuchora mistari kwa kalamu nene. Alikuwa na Kiswahili kizuri, cha msoma habari wa redioni, na hiyo ndiyo iliyokuwa balaa, maana hakuna aliyepata nafasi ya kutofahamu. Alisema kwamba alama moja maana yake daktari hakuona taabu yoyote. Alama sita maana yake daktari aliona taabu kubwa: mgonjwa alimchosha, alimuudhi, alimfanya atamani aondoke. Kwa hiyo mwenye jumla kubwa, alisema, ndiye mgonjwa mgumu. Akagonga mstari mrefu kuliko yote kwa kalamu yake. "Na huyu, katika vituo vyote vitatu, anatoka hapa hapa kwenu."

Alitabasamu. Alidhani anatusifu.

Hakuna aliyemtazama Bi Mkubwa. Kama wangemtazama isingekuwa mbaya hivyo. Watu arobaini waliinamisha macho, kila mmoja akaangalia vidole vya miguu yake, na katikati yao nilimwona yeye akivuta kanga kufunika kidevu, taratibu, kama anayesikia baridi. Sikuweza kustahamili. Nilisimama kabla sijajua nitasema nini.

"Nilijaza kinyume," nikasema.

Mtafiti akageuka. "Vipi?"

"Sita nimeifanya ndiyo nzuri. Moja ndiyo mbaya. Fomu zote nimezijaza hivyo."

"Lakini tulifanya mazoezi pamoja. Ulijaza sawa."

"Nilisahau."

"Miezi miwili?"

"Miezi miwili."

Hakuwa mjinga. "Kwa hiyo," akasema polepole, "wale wenye kumi na moja, kumi na mbili, ndio waliokuwa wagumu kwako?"

Sheha alinyanyua kichwa. Alama zake kumi na moja zilijulikana mpaka Jadida, kule Wete. Nilimtazama mtafiti, nikamtazama sheha, nikasema ndiyo. Chumbani pakacheka mtu, kisha wawili, kisha wote, na waliochekwa tulikuwa wawili, mimi na sheha, naye mpaka leo hajanisamehe. Presha yake anakwenda kuipima Wete. Mtafiti alichukua kalamu nene akachora alama ya mkasi juu ya mistari yangu yote. Akasema takwimu za kituo hiki hazifai kutumika. Nikasema nasikitika. Baadaye nilipata barua kutoka wilayani ikinikumbusha umuhimu wa kusoma maelekezo, nami niliijibu kwa kukiri kwamba ni muhimu.

Bi Mkubwa akaitwa kutoa shukurani. Alisimama. Nilijua amepanga hotuba ndefu, na nilikuwa tayari kuisikiliza yote, hata kama ingeanzia kisigino. Alisema, "Tunashukuru," akakaa.

Jumatatu iliyofuata hakuwa wa kwanza. Alikuja katikati, akangoja zamu yake, akaingia akakaa bila ya kusalimu kwa kirefu.

"Umenistiri juzi," akasema. "Mungu akustiri na weye."

"Nilikosea kujaza, Bi Mkubwa."

"Usinambie urongo mara mbili. Nlikuwa nakuona dirishani. Mtu anayemtilia mwenziwe alama nzuri hakunji uso vile." Alisema bila ya hasira, kama mtu anayenirekebisha kipimo cha dawa. "Nsomee hayo maswali."

Nilikuwa na nakala moja kwenye mtoto wa meza. Ningeweza kusema sina. Lakini nilikuwa nimekwisha kuambiwa kuhusu uongo, na mimi si mtu wa kurudia kosa siku hiyo hiyo, kwa hiyo nilimsomea. Alisikiliza yote kumi, kichwa kakiinamisha, akiitikia kila moja kwa kichwa kama anayepokea darsa. Nilipofika lile la kutamani mgonjwa aende kwa mwengine aliniuliza nilimtilia ngapi.

"Sita."

"Ee," akasema. "Kweli. Nlikuwa nakaa sana."

Nikamwambia si hivyo. Nikamwambia nilikuwa nimechoka, kwamba ni namba tu, kwamba namba haijui. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa. Kisha akanyoosha mkono ili nimpime presha.

Tangu siku ile Bi Mkubwa ni mgonjwa ambaye kila daktari angemtaka. Huja mara moja kwa mwezi, kama kadi yake inavyosema. Hunijibu ninachomuuliza. Ni wapi? Mguuni. Tangu lini? Juzi. Vidonge unakula? Nakula. Pembe ya kanga haifunguliwi tena, kwa hiyo sijui kama anavila kweli. Zamani nilikuwa najua kila kimoja kilichobaki na ndoto iliyokizuia. Nilimuuliza kuhusu mbuzi wa jirani. Akasema hajambo. Kwa saa ya ukutani hukaa dakika sita, na mara moja alikaa tano. Nilizitaka dakika zile kwa miaka sita na sasa ninazo, sina pa kuzipeleka, na naona uchungu ambao sikujua kwamba mtu anaweza kuuona kwa sababu ya kumaliza kazi mapema.

Mwezi huu alikuja na miguu imevimba. Nilibonyeza juu ya kifundo, kidole kikaacha shimo. Presha ilisoma mia na tisini kwa mia na kumi. Nikamuuliza tangu lini, akasema si sana. Nikamuuliza kama analala vizuri, kama pumzi inamkatika akilala chali, kama anapanda mlima wa kuja huku bila ya kupumzika. Akasema, "Sijambo, daktari." Nilimwandikia barua ya kwenda hospitali ya Chake siku ile ile na kumweleza kwa nini. Aliikunja mara mbili akaitia kwenye mkoba wa ukili bila ya kuuliza hata swali moja, na kwa namna alivyoikunja nilijua haendi.

Akashika ukingo wa meza ili asimame.

"Kaa, Bi Mkubwa," nikasema. "Nieleze tangu mwanzo. Nje hapana watu."

Walikuwapo kumi na mmoja. Aligeuka akatazama dirishani, akawatazama mmoja mmoja, na mmoja wao akamwamkia kwa mkono, naye akamrudishia. Kisha akasimama, akajifunga kanga yake vizuri.

"Mara moja yatosha kunistiri," akasema, akatoka.

Nikaandika presha yake kwenye daftari, nikamwita anayefuata.